Reine na Kompyuta ya Mzamiaji

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Reine alikuwa na kazi tatu: kuchota maji kwenye bomba la jirani, kufagia uwanja, na kuwasha makaa kwenye jiko la mbabula ili mama yake apate chai kabla ya kwenda kuuza vitambaa sokoni Kikula, mjini Likasi. Kazi ya nne hakupewa na mtu. Akishajaza ndoo ya mwisho, alijaza pumzi kifuani, akatumbukiza uso ndani ya maji, akafumbua macho na kuanza kuhesabu. Asubuhi hiyo alifika arobaini na mbili kabla mama yake hajapaza sauti.

"Reine! Maji ile ni ya kupika, haiko ya kuoga!"

Reine aliinua uso, maji yakimtiririka kwenye kola ya shati la shule. "Samahani, mama."

Mama Emérance alimtazama, akatikisa kichwa, wala hakuendelea kugomba. Alijua binti yake alikuwa akitafuta nini ndani ya ile ndoo.

Papa Nicolas, baba yake Reine, alikuwa mzamiaji. Kwa miaka mingi alifanya kazi kwenye ukuta wa bwawa la ziwa Tshangalele. Alikuwa akizama kusafisha vyuma vinavyozuia magugu na magogo yasiingie kwenye mitambo ya umeme. Jioni alirudi nyumbani na harufu ya ziwa kwenye nywele, akampakata Reine na kumsimulia habari za chini ya maji: jinsi mwanga unavyokuwa rangi ya chai, jinsi mtu anavyosikia pumzi yake mwenyewe kama mgeni anayetembea nyuma yake. Kisha kazi ile ikaisha. Alipata nyingine kwenye bandari ya Matadi, upande wa pili kabisa wa nchi. Ilikuwa sasa miaka miwili. Kila Jumapili alipiga simu, na kila Jumapili Reine alibaki na simu sikioni hata baada ya sauti kukatika.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na kilichomtisha zaidi ni kwamba alikuwa ameanza kusahau. Mikono ya baba yake aliikumbuka vizuri, lakini kicheko chake, kile cha kweli kisichopitia simu, hakukikumbuka tena.

"Nitafika mwezi wa saba," baba yake alimwambia Jumapili moja. "Nina wiki moja ya mapumziko. Kama Carlos atasema uko tayari, tutashuka ziwani pamoja, weye na minye."

Tangu siku hiyo Reine hakuwa na wimbo mwingine.

Papa Carlos alikuwa fundi mstaafu aliyezama pamoja na Nicolas kwa miaka mingi. Sasa aliongoza kikundi cha watu saba waliozama kwa kupenda tu. Jumamosi walifanya mazoezi kwenye pisini, yaani bwawa la kuogelea la mjini, na wakati wa kiangazi walikwenda ziwani. Reine na rafiki yake Tina ndio waliokuwa wadogo kuliko wote. Reine alikuwa amefaulu mazoezi yote ya pisini. Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja.

"Maski ya kuzamia nitakuazima," Papa Carlos alimwambia. "Mtungi wa hewa nitakuazima, na mapezi ya miguuni pia. Lakini kompyuta, kila muntu na yake. Inakumbuka mwili wa ule mwenye aliivaa. Haiko mwiko wa ugali, tuseme utaiazima kwa jirani."

Kompyuta ya mzamiaji ni kifaa kidogo kinachovaliwa mkononi kama saa. Hupima kina cha maji na dakika ambazo mtu amekaa chini. Kutokana na hesabu hizo, humwambia anaweza kubaki kwa muda gani na apande polepole kiasi gani. Maana hewa anayoivuta mzamiaji chini ya maji hujipenyeza mwilini, na akipanda haraka hufanya mapovu ndani ya damu, kama chupa ya limonadi iliyotikiswa kisha ikafunguliwa ghafla. Mtu anaweza kupooza. Anaweza hata kufa.

Katika kikundi kulikuwa na kompyuta mbili zilizotafuta mmiliki mpya. Moja ilikuwa ya Clovis, muuguzi kijana mwenye sauti ya upole. Ilikuwa ya buluu, na kioo chake cha rangi kiling'aa kama simu mpya. Ilionyesha dira, hali ya mwezi, hata picha ya samaki anayeogelea. Clovis aliivaa pisini tu, na tangu mwaka uliopita hakuwa ameivaa tena, kwa sababu alipata nyingine. Ya pili iliachwa na mwanachama aliyehamia Lubumbashi. Ilikuwa nyeusi, nene, yenye vitufe viwili na namba kubwa kama za saa ya ukutani.

"Chagua weye mwenyewe," baba yake alisema kwenye simu. "Lakini ujue sababu. Muntu akichagua kwa macho tu, hajachagua bado."

Papa Carlos alimpa daftari, lile ambalo watoto wa Likasi huliita kaye. "Utachukua kila moja wiki moja. Soma kijitabu chake. Halafu utie udongo mu beseni ya maji, kwa sababu ziwa letu haliko safi kama pisini. Vaa maski, tumbukiza mukono, uone kama namba zinasomeka. Na utafute kama kompyuta inajua iko wapi. Ziwa letu liko juu, zaidi ya mita elfu moja kupita bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Kompyuta yenye inafikiri iko baharini itakupa dakika zenye hazifai. Andika yote mu kaye."

Reine alianza na ile nyeusi. Kijitabu chake kilikuwa na kurasa chache, na kabla chai haijapoa alikuwa amemaliza kila kitu. Namba zilisomeka kwenye maji ya udongo. Alama ya mlima iliwaka yenyewe, kuonyesha kwamba kompyuta imejua iko mahali pa juu. Aliandika majibu yake, akapiga mwayo.

Ile ya buluu ilikuwa habari nyingine. Alipoivaa tu, alijiona tayari yuko chini ya maji na baba yake. Alikwenda nayo shuleni, akaificha chini ya mkono wa shati, na kila mara alichungulia yule samaki. Kijitabu chake kilikuwa na kurasa tisini za maandishi madogo ya Kifaransa. Jumatatu alisoma kurasa tatu. Jumanne hakusoma. Beseni lilibaki limeegemea ukuta, likiwa kavu. Ndani ya moyo wake Reine alikuwa na hofu ndogo ambayo hakutaka kuitazama: je, akiitia kwenye maji ya udongo halafu namba zisionekane?

Ijumaa, wakati wa mapumziko, alifungua kaye na kunakili yale yale aliyoandika kuhusu ile nyeusi. *Namba zinasomeka vizuri. Inajua yenyewe kwamba iko mahali pa juu.*

Tina, aliyekuwa ameketi karibu naye akila karanga, alisoma juu ya bega lake.

"Beseni ulitia maji lini?"

"Jana."

"Jana tulikuwa wote kwa kwaya mpaka saa kumi na mbili."

Reine alifunga kaye. "Tina, papa yangu anafika baada ya wiki mbili. Unataka nimwambie nini? Kwamba mutoto yake angali anacheza na udongo?"

Tina alitafuna karanga zake polepole. "Minye sisemi kitu," alijibu. "Lakini hiyo haiko mtihani wa shule, Reine."

Kesho yake kikundi kizima kilikwenda Tshangalele kumjaribu Reine ziwani. Papa Carlos alisoma kaye, akaweka sahihi yake, na Reine akavaa ile ya buluu aliyoichagua. Aliwauliza wavuvi kuhusu mamba, nao wakasema upande ule hawajamwona tangu mwaka juzi. Mtumbwi uliwapeleka mpaka juu ya mkondo wa zamani wa mto Lufira, mahali ambapo ziwa lina kina. Kamba yenye uzito ilishushwa. Reine alivaa maski, akauma kipumulio, na kwa mara ya kwanza maishani mwake, ziwa lilimfunika kichwa.

Ilikuwa kweli. Mwanga ulikuwa rangi ya chai. Pumzi yake ilisikika kama mgeni nyuma yake. Moyo wake ulijaa hata akasahau kutazama mkono. Papa Carlos alishuka ubavuni mwake, wote wawili wakishika kamba.

Chini zaidi, maji yaligeuka kahawia mazito. Ghafla kompyuta ilianza kulia. Reine aliileta karibu na macho. Rangi zote zilikuwa zimechanganyika kuwa ukungu. Aliona kitu chekundu kikiwaka na kuzimika, lakini hakuweza kusoma neno. Alibonyeza kioo. Picha ikabadilika. Alibonyeza tena, akamwona samaki. Samaki! Kina hakukiona, dakika hakuziona, na mlio uliendelea. Pumzi zikamjia fupi fupi. Aliachia kamba, akapiga mapezi kwa nguvu zote kuelekea juu.

Mkono mzito ulimshika fulana ya kuelea, ukamzuia. Papa Carlos alimgeuza wakatazamana, maski kwa maski. Alinyoosha kiganja chake na kukishusha taratibu: pumua, polepole. Alimshikilia hivyo mpaka mapovu ya Reine yakatulia. Kisha walipanda pamoja, kidogo kidogo, wakasimama kwa dakika tatu mahali ambapo mwanga ulikuwa umeanza kurudi, halafu wakatoka.

Ufukweni Reine alitetemeka ndani ya taulo. Papa Carlos alipiga magoti mbele yake, akamuuliza kama anaumwa viungo, kama anaona vizuri, kama anasikia ganzi. Hakuwa na kitu. Ndipo mzee akaichukua ile kompyuta.

"Uliijaribu mu beseni?"

Reine aliona nyuso zote zimemgeukia. Alimwona Tina ameinamisha kichwa. Alifikiria mwezi wa saba.

"Ndiyo, Papa Carlos."

"Na namba zilisomeka?"

"Zilisomeka."

"Basi imeharibika." Mzee aliinuka, akamkabili Clovis aliyekuwa akikunja kamba. "Clovis! Weye ni muuguzi. Ulitoa kitu kibovu kwa mutoto?"

"Papa Carlos, minye niliiacha nzima..."

"Nzima! Ingekuwa nzima angepanda vile? Mutoto ya Nicolas karibu afie mu mikono yangu!"

Clovis alipokea kompyuta yake, akaitia mfukoni, akarudi peke yake kwenye pikipiki yake.

Wiki hiyo Reine hakuweka uso wake ndani ya ndoo hata mara moja. Jumamosi iliyofuata Clovis hakuonekana kwenye pisini. Tina alimwambia Reine maneno mawili tu: "Hajakuja." Reine alijiambia kwamba Clovis ni mtu mzima, atasahau. Alijiambia kwamba zimebaki siku chache tu.

Siku ya pili yake, Jumapili, Reine na mama yake walipokuwa wametoka kanisani, walisikia hodi uwanjani. Alikuwa Clovis, amevaa shati lake zuri, na mkononi alikuwa na mfuko wa maembe makavu. Mama Emérance alimpa kiti. Hakuketi.

"Mama, nimekuja kuomba munisamehe," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko kawaida. "Nimeifungua ile kompyuta, nimeitazama pande zote, sioni ubovu wake. Lakini kama haikuwa na ubovu, mutoto asingepatwa na vile. Ni minye niliitoa. Siku nane sasa silali. Kila nikifunga macho ninamwona mu maji. Reine, unisamehe, mudogo yangu."

Reine alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha maji alichomletea mgeni. Alikiweka kikombe kizingitini. Mtu ambaye yeye Reine alimkosea ndiye aliyesimama pale akimwomba msamaha.

"Yaya Clovis, kaka yangu, usiombe samahani," alisema. "Haikuharibika. Minye sikuijaribu. Beseni ilikuwa kavu. Niliandika uongo mu kaye, halafu nikasema uongo tena ku ziwa, mbele ya wote."

Clovis aliketi kwenye kile kiti, polepole, kama mtu aliyeshushwa mzigo lakini mgongo bado unamuuma.

"Kumbe," alisema. "Kumbe ningeweza kulala."

Mama Emérance hakupiga kelele. Alivaa viatu vyake, akamshika Reine mkono. "Twende kwa Papa Carlos. Sasa hivi. Na weye, Clovis, kuya pamoja nasi."

Papa Carlos alisikiliza mpaka mwisho. Jambo la kwanza alilofanya lilimshangaza Reine: alimgeukia Clovis, akavua kofia yake. "Nilikuaibisha mbele ya watu bila kuuliza. Nitasema mbele ya watu wale wale kwamba nilikosa. Na ile kaye nilipaswa kuihakikisha kwa macho yangu kabla ya kutia sahihi. Hilo ni kosa langu, haliko la mutoto." Kisha akamtazama Reine. "Lako ni hili: unaanza upya. Jumamosi tatu za mazoezi. Kabla ya hapo huingii ziwani."

Reine alihesabu kwa vidole vyake. Baba yake angefika Alhamisi na kuondoka Alhamisi ya pili yake. Hakubisha. Machozi tu yalimtoka.

Papa Nicolas alishuka kwenye basi kutoka Lubumbashi akiwa amekonda kidogo, na maski yake ya kuzamia ikining'inia kwenye mfuko. Reine alimkumbatia kwa nguvu, akavuta harufu yake. Haikuwa ya ziwa tena, ilikuwa ya safari. Na kabla baba hajaweka mizigo chini, alimweleza yote, kwa sababu alijua akingoja kidogo tu atakosa nguvu.

Baba yake aliweka mizigo chini. Alitazama maski yake.

"Papa, unaweza kumuomba Papa Carlos," Reine alinong'ona. "Weye ni rafiki yake."

"Ninaweza," alijibu. "Lakini siombi. Carlos amefanya kile minye ningefanya." Alipumua. "Usifikiri hainiumi, Reine. Miaka miwili nimeota hii wiki."

Asubuhi iliyofuata, baba na binti walijaza beseni maji na udongo mwekundu. Clovis mwenyewe aliwaletea ile ya buluu. Ndani ya maji yale, rangi zake nzuri zilififia zote, na kioo kilipopata tope kiliruka kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine bila kuguswa na mtu, kikilia kama siku ile ziwani. Walitafuta mahali pa kuandika mwinuko. Palikuwa pamejificha nyuma ya kurasa nne, na pameandikwa: usawa wa bahari.

"Haiko mbaya," Clovis alisema akitabasamu kwa mara ya kwanza. "Siku nitafika baharini, maji yakiwa safi, itanifaa."

Reine alivaa ile nyeusi, akatumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Namba zilimtazama, nene, zimetulia.

"Unachagua gani?" baba yake aliuliza.

"Hii."

"Kwa nini?"

Reine alifikiri. "Kwa sababu naweza kuisoma hata wakati ninaogopa."

Baba yake alicheka. Kilikuwa kile kicheko cha kweli, kilichoanzia tumboni na kuishia na kikohozi kidogo, na Reine alisimama kimya akikisikiliza mpaka kikaisha.

Siku ya mwisho walikwenda ziwani wawili tu. Hawakuzama. Walikaa ndani ya mtumbwi juu ya mkondo wa zamani wa mto, mikono yao ikiburura majini, wala hawakusema mengi. Kesho yake basi lilimchukua Papa Nicolas.

Jumamosi tatu za mazoezi zilitimia. Ya nne, mbele ya kikundi kizima, Clovis akiwa ndiye mshika kamba, Reine alishuka, Papa Carlos ubavuni mwake. Kila baada ya pumzi chache alitazama mkono wake. Kwenye mita saba aliona visiki vya miti, miti iliyosimama pale tangu kabla bwawa halijajengwa, na kati ya mizizi yake samaki wadogo wa fedha wakigeuka wote kwa pamoja. Alipotoka, hakungoja Jumapili. Alimpigia baba yake simu hapo hapo ufukweni, nywele zikichuruzika.

"Nimeviona visiki, papa! Na samaki! Dakika kumi na nane, mita saba. Niliogopa kwenye mita tano, nikasoma namba, hofu ikapungua. Ninge... ningependa ungekuwepo."

Upande wa pili kulisikika honi ya meli.

"Nami ningependa," baba yake alisema. "Sikiliza, mutoto yangu. Minye niko mbali, siwezi kukushika mu maji. Kitu kinachokulinda huko chini ni ile unayoandika mu kaye na ile unayowaambia wenzako. Ikiwa kweli, basi hauko peke yako, hata minye nisipokuwepo. Ikiwa uongo, hata tungekuwa kumi tukikuzunguka, uko peke yako. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, papa."

"Vizuri. Mwezi wa kumi na mbili mvua zitakuwa zimechafua ziwa, hatutaona kitu. Lakini mwaka ujao, kiangazi, nitaomba wiki mbili."

Reine alitazama maji, mahali mapovu yake yalipokuwa yametoweka.

"Nitakungoja, papa," alisema. "Nitakuonyesha kule chini."